Raba Mpya Ndani ya Silinda Iliyochoka

Ukipeleka Land Rover ya mwaka 1968 gereji ukasema pedali ya breki inashuka taratibu ukiikanyaga, jibu utakalopewa ni lile lile karibu kila mahali: tununue ripea kiti, tubadilishe raba, mchana uondoke na gari lako. Mara nyingine jibu hilo ni sahihi. Ubaya wake ni kwamba hutolewa kabla breki masta haijafunguliwa, na fundi akishalitoa, hata akiifungua haangalii tena kitu kingine zaidi ya raba.

Ninavyoliona jambo hili, raba ni ya mwisho kulaumiwa. Kinachoamua kama breki masta ya gari la zamani irekebishwe, ikerezwe au itupwe ni hali ya ukuta wake wa ndani. Na kinachouharibu ukuta huo, mara nyingi kuliko uchakavu wa mwendo, ni oili iliyokaa humo miaka mingi bila kubadilishwa. Anayeweka raba mpya bila kuviangalia hivyo viwili amenunua wiki chache tu.

Magari yenyewe bado yapo mengi, wala si ya makumbusho. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover zilizokusanyika kwa tamasha lake, nyingi zikiwa zimefika kwa magurudumu yake yenyewe. Nairobi ina mashindano ya magari maridadi ya Concours d'Elegance tangu mwaka 1971. Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962, ingali inaonekana mitaani. Peugeot 404, iliyoshinda mbio hizo mwaka 1963 kisha 1966, 1967 na 1968, na ambayo Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania aliipa ushindi wa 1966 na 1967, bado ina watu wanaoitunza kama mali ya ukoo. Na 504 ndiyo iliyobeba abiria wa masafa marefu Kenya kwa miaka mingi kabla ya Nissan na Toyota kutawala. Mengi ya magari haya, hasa yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1970, yana kitu kimoja kinachoyatofautisha na gari la leo: oili ya magurudumu yote manne inatoka chumba kimoja cha breki masta, kwa paipu moja. Chumba hicho kikishindwa, hakuna gurudumu linalobaki na breki.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake. Breki masta inageuza nguvu ya mguu kuwa presha ya oili. Tuseme unakanyaga kwa nguvu ya kilo 30, na urefu wa mkono wa pedali unaizidisha mara tano. Pistoni inasukumwa kwa kilo 150. Kama silinda ina kipenyo cha robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, eneo la pistoni ni sentimita za mraba 2.85, na presha inayokwenda magurudumuni ni kama kilo 53 kwa kila sentimita ya mraba. Weka silinda ya inchi moja kwenye gari hilo hilo, kwa mguu ule ule, na eneo linapanda hadi sentimita za mraba 5.07, presha inashuka chini ya kilo 30. Dereva atahisi pedali fupi na ngumu, atafurahi akidhani breki zimekaza, kumbe gari linasimama kwa shida kuliko zamani. Kwenye Land Rover kosa hili si la kufikirika. Ile fupi ya inchi 88 kwa kawaida hutumia silinda ya robo tatu ya inchi, ndefu ya 109 hutumia ya inchi moja, na ukizitazama zimekaa kaunta ya duka la spea ni kama ndugu. Mara nyingi kipimo kimeandikwa ubavuni mwa chuma. Kisomwe kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Ndani kuna miundo miwili inayokutana na fundi wa magari haya, na kuichanganya kumewapotezea wengi siku nzima. Ule wa kwanza, uliomo kwenye Volkswagen na magari mengine mengi, una vitundu viwili vinavyounganisha silinda na kopo la oili: kimoja kikubwa, na kingine chembamba kama kichwa cha sindano mbele kidogo ya ukingo wa raba kuu. Pedali ikiwa imepumzika, kitundu chembamba kiko wazi, na oili iliyopata moto na kutanuka inarudi kwenye kopo. Ukikanyaga, raba inakipita, njia inazibwa, presha inaanza. Ule wa pili ni wa Girling, uliomo kwenye Land Rover nyingi za Series II na III. Huo hauna kitundu hicho. Badala yake pistoni inabeba kijiti chenye vali ndogo mwishoni, na vali hiyo ndiyo inayofungua na kuziba njia ya kopo. Kwenye kijiti hicho kuna washa nyembamba iliyopinda, ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Ikirudishwa imegeuka, vali haikai sawa, na hapo utatoa upepo mpaka magharibi bila kupata pedali. Piga picha kabla ya kuichomoa.

Kabla ya kuichomoa breki masta, ni haki iondolewe lawama isiyo yake. Pedali inayokwenda chini mara ya kwanza kisha ikapanda ukipampu mara mbili au tatu, kwenye gari la dramu, kwa kawaida inasema shuu ziko mbali na dramu. Kazi hiyo ni ya spana na kurekebisha gurudumu moja moja. Pedali laini kama sponji inasema kuna upepo, au hozi zilizozeeka zinavimba kila unapokanyaga. Breki masta yenyewe hujitambulisha kwa namna nyingine. Washa gari, weka mguu kwa uzito mdogo tu, tulia. Pedali ikizama polepole na chini ya gari na kwenye magurudumu hakuna tone, oili inapita kando ya raba na kurudi nyuma. Nasisitiza uzito mdogo, kwa sababu ukikanyaga kwa nguvu presha yenyewe inaitanua raba na kuibana ukutani, na ugonjwa unajificha. Madereva wengi hupima breki kwa kukanyaga kwa hasira, wakaondoka wameridhika.

Dalili nyingine ni unyevu. Kwenye Land Rover, raba ya nyuma ikichoka oili hushuka na fimbo ya pedali mpaka kwenye miguu ya dereva, na rangi ya bati la mbele inaanza kubanduka kama ngozi iliyoungua. Kwenye gari lenye busta, kama 504, huenda usione tone lolote: oili inavutwa ndani ya busta, injini inaichoma, na moshi mweupe unatoka nyuma huku kopo likipungua bila maelezo. Mtu anayejaza kopo kila mwezi na kusema gari lake linakunywa oili ya breki anajidanganya. Mfumo wa breki hauli oili. Ikipungua kwa sababu shuu au pedi zimelika, inapungua kidogo na kwa muda mrefu. Ikipungua haraka, inavuja.

Halafu kuna breki zinazokamata zenyewe baada ya mwendo, gari likawa zito mpaka lisimame lipoe. Hapa wengi hubomoa magurudumu yote manne bila sababu. Gari likiwa limekamata, legeza nati ya paipu inapotoka kwenye breki masta. Magurudumu yakiachia, presha ilikuwa imefungiwa kwenye masta yenyewe: ama kitundu chembamba kimezibwa na uchafu au raba iliyovimba, ama fimbo ya pedali ni ndefu mno na hairuhusu pistoni kurudi mwisho. Kwenye Volkswagen nafasi kati ya fimbo na pistoni ni kama milimita moja, na milimita hiyo moja ndiyo inayoamua gari litembee au lisitembee. Kama kulegeza hapo hakukusaidia, ila kufungua nipo ya gurudumu ndiko kunakoachia, mwenye kosa ni hozi iliyovimba kwa ndani.

Tuseme basi uchunguzi umeishia kwenye masta, na imefunguliwa iko mezani. Hapa ndipo pa kutumia muda.

Safisha silinda kwa spiriti, ikaushe, imulike kwa tochi kutoka upande mmoja huku ukitazama upande wa pili. Utaona mambo matatu. La kwanza ni madoa meusi au ya kahawia yasiyo na kina. Kitambaa chenye oili mpya ya breki kikiyafuta, hayana madhara. La pili ni mikwaruzo inayokwenda kwa urefu, iliyotokana na mchanga au chembe za chuma. La tatu, lililo baya kuliko yote, ni vishimo vya kutu. Pitisha ukucha taratibu. Ukucha ukikwama, raba nayo itakwama, na tofauti ni kwamba raba itapita hapo maelfu ya mara.

Angalia vizuri vishimo viko wapi. Mara nyingi viko upande wa chini wa silinda, kwa sababu maji yaliyonyonywa na oili yanakaa huko gari likiwa limeegeshwa. Na mara nyingi viko mbele ya sehemu ambayo pistoni hufika katika mwendo wa kawaida. Hilo la pili linaeleza kisa kinachowachanganya wenye magari ya zamani: breki zilikuwa nzuri, zikapelekwa kubadilishwa oili tu, zikarudi mbaya. Fundi alipokuwa anatoa upepo alimwambia msaidizi akanyage mpaka chini. Raba ikasukumwa kwenye eneo ambalo halikuguswa kwa miaka, lenye kutu kali, ikachanika ukingo. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Kipande cha ubao kilichowekwa chini ya pedali, kikizuia isifike mwisho, kingeiokoa raba ile.

Silinda yenye madoa tu, iwekewe raba mpya, na hapo ripea kiti ni tiba kamili. Yenye vishimo vyepesi, mafundi hupenda kuisugua, na hapa inabidi tuseme wazi. Silinda ya chuma cha kalibu inavumilia kusuguliwa kidogo kwa jiwe laini la kuzunguka, lililolowekwa oili ya breki. Msasa uliofungwa kwenye bisibisi na kuvutwa mbele na nyuma hauondoi mikwaruzo, unaiongeza, tena kwa mwelekeo ule ule ambao oili inataka kupita. Na silinda ya aluminiamu haisuguliwi kabisa. Ukuta wake una tabaka gumu jembamba lililowekwa kiwandani. Likiondoka, aluminiamu laini inabaki uchi, na raba mpya itatafunwa upesi. Fundi anayesugua kila silinda kwa sababu alifundishwa hivyo kwenye malori anaharibu kifaa ambacho pengine kingedumu.

Pakiwa na vishimo vya kweli zinabaki njia mbili. Moja ni kununua mpya. Nyingine ni kuikereza silinda na kuivika bomba la ndani la chuma kisichoshika kutu au la shaba njano, kisha kulirudisha kwenye kipimo cha asili. Huko Uingereza, Marekani na Australia ziko karakana zinazoishi kwa kazi hiyo. Huku kwetu mafundi wa kukereza vyuma wenye uwezo huo wapo, ila ni lazima mwenye gari awape maelekezo, kwa sababu wamezoea pampu na bushi, na kazi ya breki ina masharti yake. Bomba liingie kwa kubana. Ukuta uwe laini kama kioo. Na kwenye silinda ya kitundu chembamba, tundu hilo litobolewe upya mahali pale pale, kisha ukingo wake wa ndani ulainishwe. Kazi nyingi nzuri huharibikia hapo: ukingo uliotobolewa ukaachwa mkali unainyoa raba kila unapokanyaga, na baada ya muda mfupi mwenye gari anarudi kununua kiti kingine akilaani raba za siku hizi.

Gharama ya kuvika bomba kwa kawaida inazidi ya kiti kwa mbali na inaweza kuizidi hata ya masta mpya ya Land Rover, ambayo bado inatengenezwa. Kwa hiyo kwa Land Rover na Volkswagen sioni sababu ya kukereza; nunua mpya. Kukereza kuna maana kwa magari ambayo spea zake zimekwisha, na kwa mtu anayetaka gari libaki na chuma kile kile kilichotoka nacho kiwandani.

Kununua mpya nako kuna mtihani. Kirinyaga Road ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam utaonyeshwa boksi lenye jina kubwa la zamani. Boksi si silinda. Fungua pale pale dukani, vua kofia ya raba, mulika ndani. Masta iliyokaa rafu kwa miongo inaweza kuwa mpya kwa maana ya kutotumika na bado ikawa na kutu ukutani na raba zilizokakamaa. Sukuma pistoni kwa kidole chenye kitambaa: irudi yenyewe, bila kusita. Uliza pia gari lako ni la dramu au la diski. Masta ya dramu mara nyingi ina vali mlangoni inayobakiza presha ndogo kwenye paipu ili raba za magurudumu zisinyonye upepo. Ukiifunga kwenye gari la diski, pedi zitabaki zinasugua safari nzima.

Kuhusu raba zenyewe nina neno fupi. Zisiguswe na petroli, dizeli, mafuta ya taa, oili ya injini wala grisi ya kawaida. Raba za breki za magari haya zilitengenezwa kuvumilia oili ya breki, na mafuta ya petroli huzivimbisha zikawa laini kama jeli. Ukikuta raba ya mfuniko wa kopo imevimba hairudi mahali pake, jua kuna mtu aliwahi kumimina kitu kisichostahili. Hapo breki masta peke yake haitoshi: raba zote za magurudumu na hozi zote zitoke, paipu zisafishwe kwa spiriti. Ni gharama kubwa kwa kosa la nusu kikombe, na hakuna njia ya mkato. Maji ya sabuni, ambayo wapo madereva wanaojazia wakikwama njiani, yanaacha kutu nyuma yake.

Na sasa oili. Oili ya kawaida ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Oili ya DOT 3 ikiwa mpya lazima ifike nyuzi 205 za sentigredi kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Tazama namba hizo ukifikiria gari lenye dramu, watu saba na mizigo, likishuka Kitonga kuelekea Mikumi, au likiteremka Mai Mahiu. Dramu zinawaka, oili ya magurudumuni inachemka, inageuka mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali inakwenda chini na breki masta mpya haina kosa lolote. Gari likipoa, breki zinarudi, na ripoti inaandikwa kwamba dereva alishindwa kulimudu gari.

Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, ambako hewa yenyewe ni nusu maji, maji hayo yanaingia upesi zaidi. Ushauri wa kawaida ni kubadilisha oili kila baada ya miaka miwili. Kwa gari la zamani la Pwani, hasa linaloegeshwa sana, mimi nasema kila mwaka, tena kwa chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Wapo wanaopendekeza oili ya silikoni, DOT 5, kwa kuwa hainyonyi maji wala haili rangi. Kwa gari la maonyesho lililofumuliwa na kusafishwa mfumo wote, sina ubishi. Kwa gari la kutembea siipendekezi: haichanganyiki na ile ya kawaida, na maji yakiingia hayana pa kwenda ila kutuama sehemu ya chini kabisa na kula chuma hapo hapo.

Limebaki swali linalogawa wapenzi wa magari haya: je, gari la saketi moja, yaani la chumba kimoja, libadilishwe liwe la mbili? Tangu mwaka 1968 sheria ya Marekani ililazimisha magari mapya ya abiria yawe na breki zilizogawanywa, na Volkswagen za soko hilo zilipata masta ya vyumba viwili kuanzia modeli ya 1967. Land Rover za mwisho za Series III nazo zilitoka na saketi mbili, hivyo vifaa vinapatikana, ingawa pedali, paipu na busta vyote vinaguswa. Wanaopinga wanasema gari linapoteza uasilia wake, na wanasema kweli. Ila kwenye Land Rover kuna jambo linalonifanya niegemee upande wa pili. Handibreki yake haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi. Ukiivuta gari likiwa katika mwendo inakamata ghafla kwa mshtuko, na kama ekseli ya ndani ya gurudumu la nyuma imekatika, haishiki kitu. Kwa hiyo saketi moja ikipasuka, dereva wa Land Rover amebakiwa na gia tu. Gari la maonyesho libaki lilivyo. Gari linalobeba watu mlimani ligawanywe saketi, na uasilia usubiri.

Kazi ikishafungwa, masta ijazwe oili na kutolewa upepo mezani kabla haijarudi garini, kisha magurudumu yafuate, la mbali kabisa na masta likianza, ubao ukiwa chini ya pedali. Oili iliyomwagika kwenye rangi imwagiwe maji mara moja. Baadaye kanyaga kwa nguvu uhesabu dakika nzima, kisha rudia kwa mguu mwepesi, kisha vua kofia ya raba ya nyuma uangalie kama kuna unyevu. Pedali ikishuka hata upana wa kidole, funguo zibaki kwa fundi.